Kigoda cha Mfinyanzi

Siku ya gulio Lushoto, vyungu hufika mapema. Kabla lori la kwanza la kabichi halijapakiwa, na kabla wauza mitumba hawajatandika maturubai yao, wanawake kutoka vijiji vya jirani wameshatua mizigo na kuipanga chini: vyungu vya kupikia maharage, mitungi ya maji, vikaango, vyetezo vya kufukizia ubani, na vijungu vidogo ambavyo watoto huvililia na wageni huvinunua kupamba madirisha. Jirani zao ni wenye vikapu na nyungo, wasusi wa mikeka, na mafundi wa miko na mipini ya majembe. Hakuna bango linalotangaza maonyesho ya kazi za mikono, wala hakuna kiingilio. Lakini anayetaka kujua mikono ya Wasambaa inaweza nini, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Mwandishi wa kumbukumbu hii alifika mahali hapo akichechemea, fimbo mkononi, kifundo cha mguu wa kushoto kimefungwa bendeji.

Alikuwa ametoka Tanga mjini kwa ajili ya gulio hilo. Alishuka basi Mombo, akabanana na abiria wengine kwenye Haisi, wakapanda kilomita 33 za kona, wakapita Soni penye maporomoko ya maji, hadi mji huu ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambao enzi za Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Mpango wake ulikuwa kuzunguka gulio lote mwisho hadi mwisho, kulinganisha bei, kupiga picha, kumuuliza kila fundi maswali mawili matatu na kusonga mbele. Ndivyo alivyozoea kutembelea viwanja vya Sabasaba Dar es Salaam na vya Nane Nane Morogoro: banda baada ya banda hadi nyayo ziwake moto, kisha kurudi nyumbani na mfuko uliojaa vipeperushi.

Jioni ya kuamkia gulio alikwenda Irente. Pale mlima umekatika ghafla, na mtu akisimama ukingoni huona nyanda za Mazinde ziko chini kabisa, pamoja na mashamba ya mkonge na barabara kuu ya kwenda Moshi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Wakati wa kurudi, kwenye kijia kinachoshuka kati ya migomba na mahindi, mguu wa kushoto uliteleza juu ya mzizi ukapinda kwa ndani. Alifika mjini usiku, nyuma ya bodaboda, kifundo kimeshaanza kujaa.

Watu wa milimani wanajua bila kuambiwa na daktari kwamba kushuka kunaumiza kuliko kupanda, na maumbile yenyewe yanaeleza kwa nini. Mfupa ulio ndani ya kifundo ni mpana kwa mbele na mwembamba kwa nyuma. Mtu anapopanda, vidole vikiwa vimeinuka, ile sehemu pana hubana sawasawa kati ya ncha za mifupa miwili ya muundi. Anaposhuka, vidole vikielekea chini, sehemu nyembamba ndiyo hubaki katikati, na kifundo kinapata nafasi ya kucheza. Jiwe dogo au tope kidogo linatosha kuupindua mguu, na kano za upande wa nje zikavutika au kuchanika.

Jirani wa mwenyeji wake, muuguzi mstaafu, aliitwa aje autazame. Hakukimbilia kusema piga picha. Aliubonyeza mfupa kwa kidole, kwanza ukingo wa nyuma na ncha ya ile nundu ya nje, kisha nundu ya ndani, akiuliza kila mara kama hapo ndipo panapouma. Alibonyeza pia mifupa ya katikati ya wayo. Halafu akamtaka asimame na kupiga hatua nne. Kipimo hicho kina historia: mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha kanuni za kuamua nani apigwe eksirei na nani hana haja nayo. Mwenye maumivu juu ya mfupa wenyewe sehemu hizo, au asiyeweza kutembea hatua nne, apigwe picha. Wengine, mara nyingi, ni kano tu. Kwa mtu aliye kijijini Mtae au Mlalo, ambaye safari ya hospitali ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku nzima ya kazi, maarifa hayo yana thamani kubwa.

Mwandishi alizipiga zile hatua nne, kwa shida lakini alizipiga. Muuguzi akaagiza kitambaa kilichochovywa maji baridi, na maji ya Lushoto wakati wa usiku ni baridi ya kutosha, kisha bendeji, kisha mguu uwekwe juu ya mto. Akakataza mambo mawili ambayo nyumba nyingi za Kiswahili huyafanya mara moja kwa nia njema: kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu. Katika siku mbili tatu za mwanzo yote mawili huongeza uvimbe. Baada ya hapo mguu utembezwe kidogo kidogo, kadiri maumivu yanavyoruhusu, maana kuulaza kitandani wiki nzima nako kunauchelewesha kupona. Gulio unaweza kwenda, alisema, ila utafute pa kukaa.

Pa kukaa palipatikana kwenye safu ya vyungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mguu umeuumizia wapi?"

"Irente, mama. Niliteleza."

"Pole sana. Mvua ikinyesha njia ile ni mbaya. Njoo ukae."

Bibi yule aliinuka kwenye kigoda chake, akakisogeza mbele, naye akaketi juu ya gunia lililokunjwa. Mwandishi alijaribu kukataa, maana si adabu kijana kuketi juu na mzee chini. Bibi hakutaka kusikia. Akakigonga kigoda kwa kiganja mara mbili, kama anayemwita mjukuu, na hapo kukataa kungekuwa utovu mkubwa zaidi wa adabu. Mwandishi akaketi, mguu akaunyoosha juu ya fungu la majani makavu ya migomba yaliyotumika kufungia vyungu njiani. Hakuondoka hapo hadi jua lilipoelekea kuzama.

Kwanza, vyungu vilibadilika. Anayepita amesimama huona midomo tu, safu za midomo ya mviringo inayofanana. Aliyeketi huona matumbo. Huona mistari iliyochorwa shingoni kwa ncha ya kijiti udongo ungali mbichi, na mabaka meusi ubavuni, pale ambapo moshi ulikifunika chungu kikakosa hewa, wakati upande uliopata hewa umekuwa mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo kwenye udongo. Baada ya muda alianza kutofautisha mikono. Mmoja humaliza mdomo kwa kuukunja nje kidogo. Jirani yake huuacha wima na mnene. Wanunuzi wenyeji walijua hayo siku nyingi. Walikuja moja kwa moja kwa mfinyanzi wao na kumuulizia hata alipokuwa ameondoka kidogo kwenda kununua chai.

Wenyeji pia hawanunui kwa macho. Mama mmoja alikiinua chungu, akakiegemeza kwenye kiganja, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, hutoa sauti iliyokufa. Akakinusa ndani. Akapitisha kidole kwenye kitako kuona kama kimekaa sawa, maana chungu kinachoyumba juu ya mafiga matatu humwaga mchuzi. Akalipa, baada ya mazungumzo marefu ambayo nusu yake yalikuwa kuulizana habari za watoto. Vijana watatu waliofika baadaye na kamera walishika kijungu kimoja, wakauliza bei, wakataja theluthi yake, wakacheka, wakaendelea. Hawakuwa wabaya. Kwa namna walivyopita hapakuwa na kitu kilichoweza kuwaeleza bei ile imetoka wapi.

Mwandishi alielewa sehemu ya jambo hilo siku zilizofuata, bodaboda ilipompeleka hadi uani kwa bibi, kifundo kikiwa bado kizito. Ufinyanzi huku Usambara ni kazi ya wanawake tangu jadi, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, na hujifunzwa kwa mama, shangazi au mama mkwe. Udongo huchimbwa bondeni na kupandishwa kwa ndoo. Hukaushwa, hupondwa, huchaguliwa mawe na vijizizi kimoja kimoja, huloweshwa, hukandwa pamoja na mchanga kidogo ili usipasuke wakati wa kukauka. Gurudumu la kufinyangia halipo. Chungu kidogo huanzishwa juu ya gae, na gae ndilo linalozungushwa kwa mkono. Lakini mtungi ni mzito mno kuzungushwa. Hapo bibi huinama na kuuzunguka yeye, kinyumenyume, hatua ndogo ndogo, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akiuvuta udongo juu na kuulainisha kwa gunzi la hindi, kisha kwa jiwe laini la mtoni.

Hapo mwandishi aliutazama mguu wake uliofungwa, akaitazama ile miguu mikavu iliyokuwa ikizunguka mtungi, na akajua kwamba kwa muda wote alioketi gulioni alikuwa ameitazama mikono peke yake. Mikono ndiyo inayosifiwa katika kila maonyesho. Jina lenyewe linasema ni kazi za mikono. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hii ni ya miguu: kushuka bondeni kufuata udongo, kupanda nao, kutafuta kuni, kuuzunguka mtungi, na hatimaye kuupeleka sokoni.

Namna hiyo ya kuzunguka si ya Usambara pekee. Ladi Kwali, mfinyanzi wa Nigeria ambaye sura yake imo kwenye noti ya naira 20, alijulikana kwa kuuzunguka mtungi wake kinyumenyume hivyo hivyo. Mwaka 1974 alikwenda kujifunza kwake Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, binti mmoja aliyezaliwa Nairobi, Magdalene Odundo, aliyekuwa akisomea sanaa Uingereza. Leo Odundo ni miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimiwa kuliko wote duniani. Kazi zake zimo katika Makumbusho ya Uingereza, na mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha Dame. Naye hatumii gurudumu. Hujenga kwa mkono, husugua kwa jiwe, huchoma hadi udongo uwe mwekundu au mweusi. Ufundi anaoutumia umetoka kwa wanawake wanaofanana sana na yule bibi wa Lushoto, na ni vizuri Mtanzania anayebishania kijungu akajua kwamba anachoshika kina ndugu zake kwenye makabati ya vioo ya London.

Kuchoma vyungu alikushuhudia siku ya jua. Vyungu vilivyokauka kwa siku kadhaa vilipashwa moto kwanza polepole, kwa sababu unyevu wowote uliobaki ndani ya ukuta hugeuka mvuke na kuvipasua. Kisha vikapangwa juu ya kuni, vikafunikwa kwa magome, nyasi na samadi kavu, moto ukawashwa. Moto wa wazi wa aina hiyo hufikia nyuzi 600 hadi 900 hivi za Selsiasi na hauhitaji tanuri, lakini hautawaliki kama tanuri. Upepo ukigeuka, upande mmoja unapoa kabla ya mwingine. Siku ile vyungu viwili vililia ndani ya moto, mlio mkavu wa kukatika. Bibi hakusema neno. Baadaye aliviweka kando vipande vikubwa, ambavyo vingekuwa magae ya kuanzishia vyungu vingine na vyombo vya kuwekea kuku maji. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na uani pale methali hiyo haikuwa mapambo ya lugha: chakula cha mchana kililetwa kwenye sufuria ya alumini na sahani za plastiki. Vyungu vizima vyote vilikuwa vya kuuzwa.

Kisha huja safari ya gulioni, na safari hii ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko mambo mengine yote.

Njia za miguu za Usambara ni za kale kuliko barabara ya Mombo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alipanda kwa miguu mwaka 1848 hadi Vugha kumwona Kimweri, mtawala wa Wasambaa, kwa njia ambazo bidhaa na kodi zilipita juu ya vichwa vya watu. Hadi leo vijiji vingi vimekaa migongoni mwa milima, na bodaboda hufika pale inapofika. Kipande kinachobaki ni cha kata na shingo. Wataalamu wamewahi kupima kipaji hicho cha kubeba mizigo: mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kipajini. Ilionekana kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anazotumia akitembea mikono mitupu. Kwa mwenye kilo 60 hizo ni kilo 12 za bure. Baada ya hapo, kila kilo inalipiwa.

Matokeo hayo yalistaajabisha ulimwengu, na yana haki ya kustaajabisha. Lakini wanawake wale walipimwa kwenye mkanda wa kutembelea ulio tambarare. Usambara hakuna tambarare. Mzigo wa mitungi miwili na vyungu vitano, ukiufunga pamoja na majani ya migomba ndani ya tenga, hupita kilo 12 bila shida, na njia inashuka, na tumeshaona kifundo kinakuwa katika hali gani mtu anaposhuka. Bibi alimsimulia mwandishi masika moja alipoteleza akiwa njiani. Vyungu vyote vilivunjika. Mguu ulivimba kama wa mwandishi, pengine zaidi; hakwenda kupima. Magulio yakapita moja baada ya jingine akiyasikia kwa majirani. Binti yake ndiye aliyeshuka badala yake, akiwa na mtoto mgongoni na mzigo mdogo kichwani, na wateja wa zamani wakahamia kwa wengine. Jeraha ambalo mwandishi alilitibu kwa maji baridi na mto, huku akiendelea kula mshahara wake, kwa bibi lilikuwa msimu mzima bila ada ya shule wala mafuta ya taa.

Sasa turudi gulioni, saa za alasiri, kwa sababu huko ndiko miguu inakoingia kwenye bei.

Tangu asubuhi hadi adhuhuri bei za vyungu zilikaa palepale. Wafinyanzi walipunguza kidogo kwa mteja wa siku zote, wakakataa kwa mpita njia. Kuanzia saa tisa hivi mambo yakageuka. Walianza kufika wanunuzi wa aina nyingine, wanaume wawili watatu wasiogonga chungu wala kunusa. Walisimama, wakahesabu vilivyobaki, wakataja bei moja ya jumla. Ilikuwa karibu nusu ya bei ya asubuhi. Na wafinyanzi, mmoja baada ya mwingine, wakakubali. Mwandishi alimuuliza bibi kwa nini asivirudishe nyumbani akasubiri gulio lijalo, maana vyungu haviozi kama nyanya. Jibu lilikuwa fupi: "Nani atavipandisha?"

Mtu aliyezunguka gulio asubuhi na kuondoka na picha zake asingeliona jambo hili. Aliyekuja alasiri peke yake angedhani hiyo ndiyo thamani ya chungu. Wanunuzi wale wa jumla wanajua wanachofanya: wanasubiri wakati ambao mlima wenyewe unafanya mabishano kwa niaba yao. Chungu hakijapungua ubora tangu asubuhi. Kilichopungua ni nguvu ya miguu iliyokileta, na giza linaingia, na njia ni ile ile.

Wengi wanaozungumzia kufa kwa ufinyanzi hulaumu sufuria na plastiki, na ni kweli zimeuumiza. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji hupenya ukutani polepole na kukauka nje, yakiondoka na joto. Ndoo ya plastiki haifanyi hivyo, lakini ni nyepesi na ikianguka haivunjiki. Hata hivyo tumeona pia biashara inaweza kurudi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, wanunuzi walivikumbuka tena vikapu walivyokuwa wameviacha. Kilichobadilika ni mazingira ya soko. Wasusi wenyewe walikuwapo muda wote. Kwingineko barani nchi zimechukua hatua za kulinda ufinyanzi wa wanawake kwa jina lake: ule wa wilaya ya Kgatleng, Botswana, uliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na ule wa wanawake wa Sejnane, Tunisia, ukatambuliwa mwaka 2018. Ni heshima nzuri. Lakini heshima ya UNESCO haimbebei mtu tenga kilimani saa kumi na mbili jioni.

Kinachoweza kusaidia ni kidogo na kipo karibu. Chumba kimoja chenye kufuli kando ya uwanja wa gulio, ambamo wafinyanzi wa safu moja wanaweza kuacha vyungu vilivyobaki hadi wiki ijayo, kingeondoa nusu ya nguvu ya yule mnunuzi wa alasiri. Hakihitaji umeme wala maji. Vyungu havina mende na havina harufu. Halmashauri za wilaya, vikundi vya wanawake na vyama vya akiba na mikopo vinaweza kukijenga kwa gharama ya banda dogo la kuku, na wafinyanzi wangelipa ushuru mdogo wa kukitumia bila kunung'unika, kwa kuwa hesabu yake wanaijua kuliko yeyote.

Jambo la pili ni viti. Iwe gulioni Lushoto, iwe Sabasaba au maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi yanayozunguka nchi za Afrika Mashariki tangu mwaka 1999, mabanda hupangwa ili watu wapite. Fundi huweka bidhaa zilizokwisha mezani, mgeni hupita mbele, mtiririko wa watu husukuma. Wekeni benchi. Mpeni mfinyanzi nafasi ya kufinyanga pale pale na mgeni nafasi ya kuketi akimtazama, hata robo saa. Wazee wangenufaika, na wajawazito, na wenye miguu inayouma, ambao katika maonyesho yetu hupita wakitafuta ukuta wa kuegemea. Na mauzo yangeongezeka: siku ile, karibu kila aliyechuchumaa mbele ya bibi na kumuuliza jinsi mdomo wa chungu unavyokunjwa aliondoka na chungu, na hakuna hata mmoja wao aliyetaka kulipa theluthi.

Mwandishi alinunua mtungi mmoja na vyungu viwili, akavipakia kwenye Haisi ya kushuka Mombo, kifundo kikiwa kimepungua uvimbe. Kilipona kabisa kabla ya mwezi kwisha, kama muuguzi alivyosema.

Nawe msomaji, ukipanda Lushoto siku ya gulio, nunua chungu chako asubuhi. Ukichelewa ukafika alasiri, na ukakuta bei imeshuka, mlipe mfinyanzi ile bei ya asubuhi.